Shahada ya Kijapani isifungwe na mtihani wa Desemba

Si umewahi kupanda gari la mtu, Vitz au Probox, dereva akageuza ufunguo na sauti ya mwanamke mpole ikaongea lugha usiyoijua? "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Kila asubuhi. Mwenye gari ameisikia mara elfu moja na hajui inasema nini. Wengine hudhani gari linawasalimu. Mjomba wangu alizoea kuijibu, "Asante mama," kisha anashika barabara.

Wacha nikuondolee fumbo hilo. Dada huyo anasema kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu kule Japani bila kusimama. Gari liliposafirishwa hadi Mombasa kifaa kilibaki ndani, na mpaka leo kinatafuta kadi ambayo haitawahi kufika.

Ona basi. Kijapani kiko kwenye magari yetu na kwenye vibandiko vya mashine tunazonunua, lakini mtu wa kukileta moja kwa moja kwenye lugha yako, bila kuzunguka kwingine, ni nadra kumpata. Ndiyo maana nataka tuzungumze kuhusu jambo ambalo linaonekana la watu wachache tu: masharti ya kuhitimu kwa mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye Kijapani ndicho somo lake kuu.

Mitalaa ya vyuo vikuu hupitiwa upya kila baada ya muda. Zamu ya Kijapani ikifika, kuna pendekezo ambalo halikosi kutajwa: mwanafunzi asihitimu mpaka awe na cheti cha JLPT, kiwango cha N3 au hata N2. Nimelisikia kwa wahadhiri na kwa wenzangu niliosoma nao. Nimelisikia pia kwa wazazi, ambao baada ya kulipa karo miaka minne wanataka kuona kitu cha kushika mkononi. Ukilisikia mara ya kwanza unaona lina maana. Hata mimi niliwahi kuliunga mkono. Siku hizi nalipinga, na kama uko chuoni unakisomea Kijapani, au una mdogo wako anayepanga kukisomea, nisikilize kwanza kabla hujanirukia.

JLPT ni mtihani wa kimataifa wa Kijapani kwa watu ambao si lugha yao. Ulianza 1984, na tangu 2010 una ngazi tano, kuanzia N5 ya wanaoanza hadi N1 ya waliobobea. Ndani yake unasoma, unasikiliza, unachagua jibu kati ya majibu uliyopewa na kutia penseli kwenye kiduara. Basi. Hakuna sehemu ya kuongea. Hakuna sehemu ya kuandika. N2 unaipita kwa alama 90 kati ya 180, mradi usishuke chini ya alama 19 katika sehemu yoyote. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa na N1, kilele chenyewe, na hajawahi kufungua mdomo mbele ya Mjapani hata kumwuliza njia ya stesheni. Sisemi ni mtihani mbaya. Unapima ulichoambiwa unapima. Ubaya ni kuufanya mlango wa shahada.

Halafu kuna kalenda. Japani mtihani huu hufanywa mara mbili kwa mwaka, Julai na Desemba. Kwetu unafanyika Nairobi mara moja tu, Desemba. Fanya hesabu ya maisha, si ya alama. Uko mwaka wa nne. Jumapili hiyo moja umeamka na malaria, au matatu imekwama Thika Road kwa sababu ya lori lililoanguka, au umekosa alama mbili. Huna pa kurudia mpaka Desemba ijayo. Wenzako wa Kifaransa wanavaa joho, wewe unakaa kejani mwaka mzima ukieleza majirani kwa nini hujamaliza. Mkopo wa HELB nao hauna habari ya Desemba yako. Na kumbuka mtihani wenyewe hautungwi na chuo chako. Unasimamiwa na Japan Foundation pamoja na shirika la JEES. Mhadhiri aliyekufunza miaka minne, anayejua ulikotoka na ulikofika, anageuka kuwa mtazamaji tu.

Kuna kitu kingine ambacho watu hukikwepa kwenye mazungumzo haya: saa. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo huwafunza wanadiplomasia wake lugha za dunia, imekiweka Kijapani kwenye kundi gumu kuliko yote, wiki 88, takriban saa 2,200 za darasani. Kiswahili wamekipa wiki 36. Sasa pigia hesabu kozi ya kwetu yenye saa sita kwa wiki, wiki 14 kwa muhula, mihula minane. Unapata saa 672. Hapo sijatoa wiki za mgomo. Hiyo haifiki hata thuluthi ya saa za yule Mmarekani, na yeye analipwa mshahara akisoma.

Tena mwanafunzi wa Kenya anaanza sifuri kabisa. Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu ni masomo ya KCSE, kwa hivyo wapo wanaoingia chuoni wakivijua. Kijapani hakimo. Wiki ya kwanza uko kwenye herufi 46 za hiragana kama mtoto wa chekechea, kisha 46 za katakana, kisha mlima wa kanji, ambazo kwenye orodha ya serikali ya Japani ya matumizi ya kawaida ni 2,136. Ukimwambia mtu huyo apite N2 ndipo ahitimu, na saa za darasani hujaziongeza hata moja, unamwambia kwa adabu kwamba akatafute tuisheni ya kibinafsi. Mwenye mzazi wa kulipia atalipa. Mwenye kutegemea mkopo ataketi bweni na simu yake ajifundishe, na akianguka tutasema hakuwa na bidii.

Lakini nisikudanganye kwamba nilibadilisha msimamo kwa sababu ya hesabu. Nilibadilishwa na mama mmoja mkulima wa mpunga.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nikaitwa kibarua cha siku tatu Kirinyaga, upande wa Mwea. Mtaalamu wa mpunga kutoka Japani alikuwa anazuru mashamba ya wakulima na alihitaji mtu wa kumtafsiria. Nikavaa shati safi. Alama zangu za Kijapani zilikuwa nzuri na nilikuwa nazo kwenye bahasha, kana kwamba kuna mtu angeniuliza pale matopeni.

Mtaalamu akaanza kueleza jambo linaloitwa nakaboshi. Nilimwelewa, nakuapia. Nilikuwa nimewahi kulisoma neno hilo. Nikageukia wakulima, wanaume kwa wanawake kama 20 hivi, nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kiingereza. Nikajikaza, nikatoa mchanganyiko, "Anasema mfanye ile drainage ya mid-season." Kimya jii. Mama mmoja aliyekuwa amekunja leso hadi magotini akaniangalia vile mama yako hukuangalia ukisahau salamu. Akasema, "Kijana wangu, hicho ni Kiingereza. Huyu mgeni anasema nini?"

Sikuwa na jibu. Kichwani mwangu kila neno la Kijapani lilikuwa limefungwa kwa kamba kwenye neno la Kiingereza, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa miaka minne: kitabu cha Kiingereza, kamusi ya Kiingereza, mtihani wa kutafsiri kwa Kiingereza. Nikaanza kueleza kwa mikono. Maji. Toa. Siku kadhaa. Udongo upasuke kidogo. Yule mama akanikatiza, "Anataka tuunyime mpunga maji kidogo katikati ya msimu ili mizizi ishuke kuyatafuta?" Nikamwuliza mtaalamu kama ndivyo, akatikisa kichwa kwa furaha, ndivyo kabisa, mizizi inashuka, na yale machipukizi yasiyozaa yanapungua. Mama akawageukia wenzake na kuwaeleza kwa Kikuyu kwa sentensi mbili. Kazi yangu ameifanya yeye. Mimi ndiye niliyelipwa.

Ningekuwa na N2 siku hiyo kingebadilika nini? Hakuna. Kijapani nilikielewa. Nilichokosa ni upande wa pili wa daraja, na hakuna mahali popote kwenye masharti ya shahada yangu palipowahi kuniuliza kama ninao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia ya kupitia Kiingereza ni ndefu, tena ni mbovu. Kuna mambo ya Kijapani ambayo mtu wa Kiswahili anayashika siku hiyo hiyo, kisha anafunzwa kwa lugha inayomfanya aone ni magumu.

Chukua kore, sore na are. Vitabu vingi vya wanaoanza hutumia mchoro na maelezo marefu hapa, kwa sababu Kiingereza kina mbili tu, cha karibu na cha mbali. Mwanafunzi wa Kenya anakaa pale anakariri: sore ni kile kilicho karibu na unayeongea naye, are ni kile kilicho mbali na nyote wawili. Anakariri nini na anacho tangu utotoni? Kalamu hii, kalamu hiyo, kalamu ile. Koko, soko, asoko: hapa, hapo, pale. Hata tabia ya sore ya kurejelea jambo lililotajwa punde, Kiswahili kinayo: habari hiyo, siku hiyo. Dakika mbili somo limeisha. Mimi lilinichukua wiki mbili, na nilikuja kugundua ulingano huo baada ya kuhitimu, nikiwa ndani ya matatu.

Au chukua kuhesabu, ambako wageni hulia machozi. Penseli tatu ni sanbon kwa sababu ni ndefu na za mviringo. Karatasi tatu ni sanmai kwa sababu ni bapa. Mbwa watatu ni sanbiki, watu watatu ni sannin. Anayefikiri kwa Kiingereza hushangaa, tatu si tatu tu? Sasa wewe unayesema vitabu vitatu, watu watatu, miti mitatu, utashangaa nini? Ngeli zetu hazilingani na makundi yao, hilo kweli, na utalazimika kuyajifunza moja moja. Ila lile wazo kwamba nambari huvaa sare ya kitu inachokihesabu si geni kwako. Mwalimu akianzia hapo amekuvusha nusu ya mto.

Vitenzi navyo. Taberu ni kula. Tabesaseru ni kumlisha mtu, kumfanya ale. Tabesaserareru ni kulishwa, kulazimishwa kula. Kijapani kinabandika viambishi nyuma ya kitenzi kimoja baada ya kingine, nasi twafanya vivyo hivyo: la, lisha, lishwa. Kwa Kiingereza unahitaji msururu wa maneno. Yule dada wa kwenye gari, maneno yake sōnyū sarete imasen yanaingia kwa Kiswahili kwa neno moja, haijaingizwa, hali ya kutendwa na ya kutokuwa bado zote zimo.

Hata sauti. Irabu tano, a, e, i, o, u, na silabi nyingi zinazoishia kwa irabu. Mgeni wa kutoka London huhangaika. Wewe unasoma tu. Ukae macho na urefu wa irabu lakini. Obasan ni shangazi au mama wa makamo, obāsan ni nyanya, na ukizichanganya mbele ya mwenyewe hutapewa chai. Kuna pia jina la mnyama fulani mkubwa wa misitu ya Japani ambalo likitajwa darasa zima la Wakenya huanguka chini kwa kicheko. Silitaji hapa, mhariri ana watoto.

Na kuna ile hazina ya maneno ya kuiga sauti na hali. Kijapani kina kirakira kwa kitu kinachong'aa, dokidoki kwa moyo unaodunda, na kina neno la kimya chenyewe, shiin. Mwambie Mwingereza kwamba kimya kina sauti akuone mwendawazimu. Sisi tunasema kimya jii na hakuna anayestuka. Metameta, polepole, jeupe pe, jeusi tititi. Mtafsiri wa Kiswahili akikutana na katuni za Kijapani zilizojaa maneno haya ana pa kuchota. Akizipitisha Kiingerezani kwanza, zinafika zimepauka.

Basi ningependa masharti yaandikwe vipi? JLPT iondolewe mlangoni, ibaki kama kitu ambacho idara inakuandalia na kukupa heshima ukikipata, hata alama za ziada. Mahali pake iwekwe kazi ambayo chuo chenyewe kinaweza kuipima. Mwaka wa nne, upewe kurasa 20 za Kijapani halisi, si za kitabu cha darasani: maelekezo ya mashine ya kupandia mpunga, fomu ya hospitali, mkataba wa kazi, hadithi fupi moja. Uzitafsiri kwa Kiswahili, moja kwa moja, na uandike maelezo ya kutetea maneno uliyochagua. Kisha uingie chumba chenye watu wawili wasio na lugha ya pamoja, Mjapani mmoja na Mkenya mmoja anayezungumza Kiswahili, fundi au muuguzi au mkulima, waongee kwa nusu saa kupitia kwako. Wahadhiri wakae pembeni na kalamu. Ukianguka, unarudia baada ya mwezi. Si Desemba ijayo.

Hapo utaona jasho la kweli. Chukua neno mottainai. Wangari Maathai alikutana nalo alipozuru Japani 2005, akalipenda na kulibeba duniani kote kama wito wa kutunza mazingira. Mkenya ndiye aliyelifanya neno la Kijapani lijulikane mbali hivyo. Sasa litafsiri kwa Kiswahili. Hasara? Hapana, hasara ni ya pesa. Ubadhirifu? Ni rasmi mno, linanukia ripoti ya mkaguzi wa hesabu za serikali. Israfu? Lakaribia, na watu wa Pwani watalielewa upesi kuliko sisi wa Nairobi. Mimi hufikiria nyanya yangu alivyosema ukimwaga ugali uliobaki: "Unakufuru." Kuna ile hisia kwamba kitu chenyewe kimekosewa heshima. Lakini kufuru lina uzito wa dini ambao mottainai huenda halina. Unaona? Hakuna kiduara cha kutia penseli hapo. Mwanafunzi akitumia ukurasa mzima kubishana na neno hilo moja, huyo mpe shahada yake aende.

Ziongezwe pia yuniti mbili za Kiswahili za lazima kwa kila anayesomea Kijapani, za uandishi na ukalimani, na kuongea kuanze mwaka wa kwanza badala ya kusubiri wa tatu. Saa zitatoka wapi? Zitoke kwenye zile kozi za nadharia za jumla zinazofundishwa kwa Kiingereza na zinazofanana kwa kila lugha. Historia na fasihi ya Japani zibaki, tafadhali, ila zisomwe angalau kwa vipande vya Kijapani chenyewe. Kuandika kanji kwa mkono ningepunguza. Wajapani wenyewe wanachapa kwa simu. Kuzisoma zilizoandikwa kwa mkono, hapana, hilo lisiguswe. Waulize wanaoagiza magari. Ile karatasi ya mnada inayokuja na gari huwa na maelezo ya mkaguzi kwa mwandiko wake, na herufi kama R inayoonyesha kwamba gari liliwahi kurekebishwa baada ya ajali. Mnunuzi wa Kenya anaangalia picha, anaona rangi inang'aa, analipa. Habari ilikuwa kwenye karatasi.

Ukidhani haya ni ndoto, angalia Osaka. Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha lugha 25 kama masomo makuu, na Kiswahili ni mojawapo. Vijana wa Kijapani wanakisomea lugha yetu miaka minne, na zipo kamusi za Kiswahili zinazoeleza maneno kwa Kijapani. Wao wameona kwamba inafaa kuja kwetu moja kwa moja. Sisi tunaenda kwao kupitia London.

Najua utakachoniuliza. "Sawa, lakini mwajiri anataka N2, hatafuti mtu wa kufafanua kufuru." Ni kweli, kampuni nyingi za Kijapani huuliza cheti, na ukiweza kukipata kipate. Nenda Desemba, lipa, pambana. Nami ningekusukuma. Ila tenganisha vitu viwili. Kama lengo lako ni kwenda Japani kufanya kazi chini ya ule mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi maalum ulioanza Aprili 2019, lugha inayotakiwa kwa sekta nyingi ni N4 au mtihani unaolingana nayo, pamoja na mtihani wa ujuzi wa kazi. Shahada haihitajiki. Japani ina uhaba wa watu. Kufikia Oktoba 2024 ilikuwa na wafanyakazi wa kigeni milioni 2.3. Mtu anaweza kujifunza mwaka mmoja kwa bidii akaenda kutunza wazee, na hiyo ni kazi ya heshima. Samuel Wanjiru alipelekwa Sendai akiwa kijana wa miaka 15, akajifunza Kijapani akikimbia na kusoma shule ya upili huko, kabla ya kutwaa dhahabu ya marathoni Beijing 2008. Hakupitia idara yoyote ya lugha.

Sasa ikiwa cheti unakipata bila shahada, na kuongea unakupata bila shahada, miaka minne ya chuo na karo yote hiyo inakupa nini? Lazima ikupe kitu ambacho kozi ya jioni haiwezi. Kwangu kitu hicho ni uwezo wa kusimama kati ya Mjapani na mama wa Mwea na kila mmoja akamsikia mwenzake. Watu wa namna hiyo ni wachache mno, na mtu adimu ndiye anayetaja bei yake.

Kuna pingamizi moja ambalo nalikubali, wala silipendi. Wahadhiri wanaokijua Kijapani vizuri na wanaoandika Kiswahili fasaha ni wachache. Na sisi wanafunzi wa mjini, tuseme ukweli bana, Kiswahili chetu ni cha kuombea nauli irudishwe. Sheng tunaiweza, insha tuliandika mara ya mwisho Kidato cha Nne. Mradi kama huu ukianza kesho, miaka miwili ya kwanza itakuwa aibu tupu. Nilipojaribu kutafsiri ukurasa mmoja tu wa maelekezo ya jiko la kupikia wali, nilikwama kwenye kifuniko cha ndani, nikampigia mama simu. Lakini idara ya Kiswahili iko kwenye korido hiyo hiyo, mara nyingine mlango unaofuata. Mhadhiri mmoja wa huku na mmoja wa kule wanaweza kusimamia kazi moja ya mwisho. Haihitaji jengo jipya wala mfadhili.

Kwa hivyo ikiwa idara yako inapitia mtalaa na mkaletewa ile fomu ya maoni, ile ambayo kila mtu huweka alama ya "nimeridhika" ili awahi chakula, usiharakishe. Kuna nafasi chini yake ya kuandika. Andika kwamba hutaki cheti cha Desemba kiwe kufuli la shahada yako. Andika unataka kazi ya mwisho kati ya Kijapani na Kiswahili. Ukiwa huafikiani nami kuhusu JLPT, andika hilo pia, na uwaeleze saa za kufika N2 zitatoka wapi.

Mjomba nilishamweleza maana ya maneno ya gari lake. Alicheka mpaka akaegesha kando. Aliacha kusema asante. Siku hizi dada akimaliza kulalamika kuhusu kadi, mjomba anamjibu kwa upole uleule: "Haitaingizwa, mama. Tuko Rongai."